Eti bodi imekufa! Uzoefu wangu na duka lililonibadilishia diski

Diski yenyewe haina kosa. SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka) waliyoniwekea ni nzuri na bei yao ilikuwa ya haki. Kinachonichoma mpaka leo ni sentensi moja ya fundi wa duka hilo la Kariakoo: "Kaka, hapo bodi imeshakufa." Yaani bodi kuu ya laptopu, inayounganisha vipuri vyote. Aliitamka laptopu ikiwa imewaka mbele yetu, feni inazunguka, na kwenye kioo yamesimama maneno "No bootable device", yaani hakuna diski ya kuwashia.

Bodi iliyokufa inaandikaje? Ili maneno yale yatokee, prosesa, RAM, kioo na bayosi (programu ndogo ya ndani ya bodi inayoiamsha mashine) vyote vimeshafanya kazi yake. Mashine ilikuwa inaeleza ugonjwa wake yenyewe: nimetafuta pa kuanzia kwenye diski, sijapaona. Fundi akaniandikia 280,000 za bodi nyingine, na 20,000 "za kupima". Alipima nini? Hata bayosi hakuingia!

Kuingia bayosi ndiyo hatua ya kwanza, na haichukui dakika mbili. Kwa Dell na Acer ni F2, kwa HP ni F10, kwa ThinkPad ni F1. Unaangalia kama jina la diski mpya limo kwenye orodha. Lisipokuwemo, basi ni kazi ya mikono: utepe wa SATA haujakaa sawasawa, au umepinda pale ulipokunjwa, au sloti haikubali aina ya M.2 (SSD nyembamba kama kijiti) uliyochomeka. M.2 huwa za aina mbili: yenye pengo moja kwenye ncha ya kuchomekea kwa kawaida ni NVMe, yenye mawili mara nyingi ni SATA, na kuingia kwenye sloti hakumaanishi kwamba itasomwa. Kioo kikibaki cheusi kabisa, hilo ni jambo lingine: chomoa betri na chaja, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha toa RAM uirudishe.

Diski yangu ilikuwemo kwenye orodha, kwa jina lake kamili. Kwa hiyo kosa lilikuwa kwenye kunakili Windows kutoka diski ya zamani kwenda SSD.

Windows iliyosimikwa kwa UEFI (bayosi ya kisasa) haikai kwenye C peke yake. Diski ya zamani ilikuwa na sehemu ya System ya MB 100, Reserved ya MB 16, kisha C, kisha Recovery. Ile ndogo ya MB 100 ndiyo inayosomwa kwanza na bayosi. Hapo ndipo panapokaa faili za kuwashia. Fundi alinakili C tu, akaitandaza ikajaza SSD nzima. Mafaili yote yamo, mlango haumo.

Dawa yake ni flashi ya GB 8 yenye kisimikio cha Windows. Iwashe kwa hali ya UEFI, na ikifika ukurasa wa lugha bonyeza Shift+F10. Andika diskpart, kisha list disk. Diski inayofaa iwe na nyota chini ya Gpt, mpangilio wa diski unaoendana na UEFI. Isipokuwa nayo, usiendelee na hatua hizi. Hakikisha namba unayochagua si ya flashi, maana hapa ndipo watu wanapofuta kazi za miaka. Yangu ilikuwa 0. Amri hizi zinapunguza C kidogo, kisha zinaunda upya ile sehemu ndogo ya kuwashia:

select disk 0
list partition
select partition 1
shrink desired=300
create partition efi size=260
format quick fs=fat32
assign letter=S
exit

Sehemu ya 1 hapo ni C yangu. Yako ithibitishe kwa ukubwa wake. Halafu andika dir C:\ uone kama folda ya Windows imo, kwa sababu ndani ya kisimikio herufi huweza kuhama. Ikishaonekana, rudisha faili za kuwashia kwa amri hii:

bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Toa flashi, washa upya. Yangu iliwaka hapohapo, kwa bodi ileile iliyozikwa.

Kwenye bayosi usibadilishe AHCI au RAID (namna mashine inavyowasiliana na diski) kwa kubahatisha. Iache kama ilivyokuwa, la sivyo huenda ukapata skrini ya kosa la INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE na utadhani umepata ugonjwa wa pili. Na kama diski ilifungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kusimba diski, uwe na ule ufunguo wa tarakimu 48 kabla hujagusa chochote.

Haki yao niwape: skurubu zote zilirudi mahali pake, hakuna faili hata moja lililopotea, na mashine sasa ni nyepesi mno. Nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu, kwa sababu kusahau sehemu moja wakati wa kunakili ni kosa linalompata hata fundi mzuri. Nikawapigia simu kwa upole kuomba wanirudishie ile 20,000. Nikajibiwa, "Si imepona? Shukuru Mungu."

Nyota moja. Je, wangapi wamelipia bodi pale huku zao nzima zikibaki dukani? Ukilazimika kwenda, dai diski yako ya zamani mkononi kabla hujalipa. Na wakikwambia bodi imekufa huku kioo kinaandika, beba laptopu yako uondoke nayo.