OpenVPN na WireGuard kwenye kompyuta ya mezani: uzoefu wangu hapa Lubumbashi

Nafanya hesabu za kampuni ya usafirishaji, ile ya malori yanayopanda na kushuka Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Programu ya ankara iko kwenye seva ya makao makuu, na seva hiyo haimfungukii mtu wa nje mpaka apite kwenye VPN, yaani njia iliyofungwa kwa siri ndani ya intaneti. Kwa hiyo nimeishi na programu za VPN, kwanza OpenVPN GUI, baadaye WireGuard, zote kwenye Windows ya Kifaransa, kwenye mashine ya mezani iliyokula chumvi nyingi. Zote mbili ni za bure. Nitazungumzia hatua moja tu, kuingiza profaili, yaani faili la mipangilio ya kuunganisha, kwa sababu hapo ndipo watu wengi ninaowajua wanakwama na kuanza kuisema programu vibaya.

Mara nyingi programu haina kosa. Faili ndilo lililofika pungufu.

Profaili ya OpenVPN ni faili linaloishia na .ovpn. Lifungue kwa Notepad, utakuta maandishi ya kawaida: mstari wa remote wenye anwani ya seva na poti (ya desturi ni 1194), mstari wa proto (data isafiri kwa UDP au TCP), halafu mistari inayotaja mafaili mengine, yaani vyeti ca.crt na client.crt, ufunguo client.key, na pengine ufunguo ta.key. Mimi nilitumiwa .ovpn peke yake. Nikabofya kulia kwenye alama ndogo iliyo karibu na saa, nikaliingiza, likakubali bila neno. Kuunganisha sasa, ikagoma palepale. Nikampigia simu mtu wetu wa informatiki.

— Yaya, profaili imeingia lakini iko inakataa.
— Inasema nini?
— Inasema haioni ca.crt.
— Aa, hizo zingine ziko kwangu huku. Ngoja nakutumia.

Akatuma, na bado ikagoma. Hapa kuna jambo ambalo sikuliona limeandikwa popote kwenye skrini: OpenVPN GUI ikiingiza profaili inanakili lile .ovpn tu, inaliweka ndani ya folda ya OpenVPN\config iliyo chini ya jina lako la mtumiaji, kwenye kijifolda chenye jina la profaili. Vyeti vikibaki kwenye Téléchargements, haivifuati huko. Lazima uvihamishe wewe mwenyewe mpaka vikae pamoja na .ovpn yao.

Afadhali zaidi umwombe anayetengeneza profaili aweke kila kitu ndani ya faili moja. OpenVPN inaruhusu: badala ya kutaja ca.crt, unaandika ca ndani ya mabano ya pembe, unabandika cheti chote, pamoja na mistari ya vistari vitano inayokianza na kukimaliza, kisha unafunga. Vivyo hivyo cert na key. Kwa tls-auth, mstari unaotaja ta.key, kuwa mwangalifu. Mstari wake wa zamani huwa na tarakimu 1 mwishoni, na ukihamishia ufunguo ndani ya faili ile 1 inapotea. Inabidi uongeze mstari wa key-direction 1, la sivyo seva inanyamaza kama haikukusikia, nawe utasubiri mpaka uchoke.

Kuna na lile la mwisho wa jina. Windows inaficha viambishi vya mafaili, kwa hiyo unachokiona kama kazi.ovpn kinaweza kuwa kazi.ovpn.txt, hasa kama mtu alikibandika kwenye Notepad na kukihifadhi. Dirisha la kuingiza halitakionyesha kabisa. Nenda Affichage, weka alama kwenye "Extensions de noms de fichiers", utaona ukweli wake.

Na kwa kuwa tumefika kwenye kutumiana mafaili: hapa kwetu kila kitu kinapita WhatsApp, lakini client.key kwenye kundi la kazi, hapana. Anayeishika anaingia ofisini kwa jina lako. Mimi nilidai yangu kwenye flash disk, wakaniona msumbufu. Sawa tu.

Profaili za miaka mingi zina shida nyingine. OpenVPN 2.6, iliyotoka 2023, haifuati tena mstari wa cipher, unaotaja aina ya usimbaji, kama zamani. Profaili yetu ilikuwa na AES-256-CBC, programu mpya ikalalamika kwamba haimo kwenye orodha yake. Mstari mmoja ulitosha: data-ciphers AES-256-GCM:AES-128-GCM:AES-256-CBC. Hapo nawapa OpenVPN sifa zao: kumbukumbu yake (log) inaeleza sababu. Bofya kulia, fungua kumbukumbu, soma mistari ya mwisho. Wengi wanaifunga ile kabla ya kuisoma, halafu wanafuta programu na kuiweka upya, mega zinaisha bure.

Kilichonitesa zaidi hakimo ndani ya profaili kabisa. Umeme ukikatika, na huku unakatika, mashine yangu ikiwaka tena tarehe inarudi nyuma miaka. Cheti nacho kina tarehe ya kuanza, kwa hiyo OpenVPN inasema hakijaanza kutumika. Profaili ileile iliyofanya kazi asubuhi, jioni ni mbovu! Nilikuwa karibu kuomba nyingine. Tazama saa kwanza. Kama inarudi nyuma kila mara, betri ndogo ya bodi imekufa, ile bapa ya CR2032, na fundi yeyote wa mjini anakubadilishia.

WireGuard ni nyepesi. Profaili yake ni faili moja la .conf lenye mistari michache: ufunguo wako, anwani yako, ufunguo wa seva, Endpoint (anwani ya seva), AllowedIPs (anwani zinazopita humo). Hakuna vyeti vya kutafuta. Ila ina maringo yake kuhusu majina: kwenye Windows jina la faili ndilo linakuwa jina la muunganisho, halipaswi kuzidi herufi 32, na halikubali nafasi wala mabano. Sasa pakua faili mara mbili, kivinjari kinaliita "kazi (1).conf", na WireGuard inalikataa. Libadilishe liwe kazi.conf, linaingia. Kwenye Linux ni herufi 15 tu.

Kitu kimoja sikipendi: WireGuard inaonyesha kwamba imewaka hata kama seva haijajibu. Usiangalie rangi ya kijani, angalia kama kuna mstari wa handshake (salamu na seva) ya mwisho na kama data iliyopokewa inapanda. Ikikaa sifuri, hakuna muunganisho. Na ile saa inayorudi nyuma inaiumiza pia, tena kimyakimya: seva inakumbuka muda wa salamu yako ya mwisho, na ukija na muda wa nyuma zaidi inakupuuza. Hakuna ujumbe wowote. OpenVPN angalau ingekuambia.

Msijaribu menyu ya VPN ya Windows yenyewe kwa mafaili haya. Inajua IKEv2, L2TP, SSTP na PPTP, haisomi .ovpn wala .conf.

Kwa kazi ya kila siku nimebaki na WireGuard. Ikikatika inarudi haraka, na kwa intaneti yetu hilo ni jambo kubwa. Kwa kuingiza profaili naipa nne kati ya tano, OpenVPN GUI tatu. Lakini sijaiondoa OpenVPN. WireGuard hutumia UDP peke yake, na kuna hoteli moja ninakofanyia kazi umeme ukikosekana nyumbani, Wi-Fi yake haipitishi UDP. Huko nafungua profaili ya pili ya OpenVPN, yenye proto tcp na poti 443, ambayo seva yetu inaisikiliza pia. Inakwenda polepole, lakini ankara zinatoka.