Waliotupigia hesabu ya lami Barani, Malindi: nyota 4

Jamani kama uko Malindi na unataka kutia lami kwako soma hapa kwanza. Mwaka jana tulitiliwa lami mbele ya duka la mama, kontrakta mwengine kabisa huyo, simtaji. Tukaambiwa sentimita 5, tukalipa ya sentimita 5, kumbe ile 5 aliipima lami ikiwa imemwagwa tu rola haijapita, iliposhindiliwa ikabaki 4. Masika kuisha pembeni kushaanza kumeguka. Iliniuma sana manake pesa ya mama ile.

Sasa safari hii ni uwanja wa magari wa nyumba zetu za kupangisha, nikaita hawa jamaa. Mzee wao alikuja na tepu ya mita 50 na kamba, hakupima kwa hatua za miguu. Uwanja mita 22 kwa 14, hio ni 308. Akatoa duara la mkilifi ulioko katikati, upana mita 3, kama mita 7 za mraba hivi. Njia ya kuingilia si mstatili, getini mita 4 na barabarani 6, urefu 9, akachukua wastani wa upana akapata 45. Jumla 346. Alafu akaniambia, "Mama, unene wa lami twahesabu ikishalala, si ikimwagwa." Yaani ukitaka 5 wamwage 6 na robo hivi. Ikishashindiliwa, mita moja ya mraba kwa unene huo yala karibu kilo 120, kwa hivyo tani 41 na nusu, akaongeza asilimia 5 ya kupotea, tani 43 na nusu.

Kilichonifurahisha zaidi ni ile kamba. Aliivuta toka ukuta hadi ukuta akanionesha vile chini pamebonyea, akasema hapa tujaze muramu tushindilie kwanza, lami isizibe mashimo, manake sentimita moja tu ikizidi uwanja mzima ni tani 8 za ziada, hio ni nusu lori jamani! Na muramu ni rahisi mbali sana na lami. Hakuna aliyewahi kunieleza hivyo, na angetaka angenyamaza tu aniuzie hizo tani.

Siku ya kazi lori mbili za mwanzo zilikuja na turubai, lami bado yafuka moshi, kila moja tani 15 na kitu, na risiti ya mizani nikapewa mkononi. La tatu hakuliagiza mpaka akapima palipobaki ndio akapiga simu wapakie 13. Jumla ikawa tani 43, hakuna kilichobaki cha kumwagwa kando ya njia. Mimi mwenyewe nilipima ukingo wa getini baada ya rola, 5 kamili.

Shida ni moja. Praima, ile lami nyepesi ya kunyunyizia muramu kabla, hakuiweka kwenye hesabu ya mwanzo. Yataka kama lita moja kwa kila mita ya mraba, kwa hivyo lita 346 zilinijia asubuhi ya kazi na pesa nikaenda kukopa kwa shemeji. Nyota ya tano nimeitoa hapo. Mukiwaita waambieni waiandike praima kuanzia siku ya kupima.