Runinga ya inchi 50 kwa bajeti ya 45,000: nilivyoichagua Luthuli na inavyokaa sebuleni

Mama alikuja Nairobi mwezi wa tatu kwa ajili ya kliniki ya macho. Ana mtoto wa jicho upande wa kulia, na alipokuwa akisubiri siku ya upasuaji alikaa kwangu, Umoja. Jioni ya kwanza, taarifa ya habari ya saa moja ilipoanza, nilimwona akiinuka kochini, akavuta stuli mpaka hatua moja kutoka kwenye runinga yangu ya inchi 24, akaketi hapo kidevu juu kama mtu anayesoma tangazo ukutani. Ile runinga niliinunua nilipokuwa naishi chumba kimoja, na kwangu haikuwahi kuwa na kasoro. Usiku huo nilianza kupiga hesabu.

Nilikuwa na shilingi 45,000. Pesa hizo zilipaswa kutosha runinga, kuisafirisha, kuifunga na kuilinda na stima. Naandika haya kwa mtu aliye na kiasi kama hicho na anayeona mabango ya "4K" kila kona hadi hajui ashike lipi.

Kabla ya kukanyaga mjini nilichukua tepu ya fundi nikapima sebule. Kutoka ukuta wa runinga hadi kochi kubwa ni mita 2.4. Viti vingine viwili vimeegemea kuta za pembeni, kama ilivyo katika nyumba nyingi zetu: viti vinazunguka kuta tatu, meza inakaa katikati. Mama alipenda kiti cha upande wa kushoto, karibu na dirisha. Kiti hicho ndicho kilichokuja kuamua runinga gani ninunue.

Inchi hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe. Skrini ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95 hivi, ya 50 ni 111, ya 55 ni 122. Full HD ina nukta (pikseli, zile chembe zinazounda picha) 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. 4K ina 3,840 kwa 2,160, yaani nukta mara nne. Ukisikia mara nne unadhani picha itakuwa nzuri mara nne. Lakini kwenye inchi 50 ya Full HD nukta moja ina upana wa karibu milimita 0.58, na jicho zima huanza kushindwa kuzitenganisha nukta hizo ukikaa zaidi ya mita 2. Mimi nakaa mita 2.4. Macho yangu mazima hayangeona tofauti kubwa, sembuse ya mama. Kilichokuwa kinamtesa mama ni udogo wa herufi, na herufi hukuzwa na ukubwa wa skrini. Wingi wa nukta haumwongezei kitu pale alipoketi.

Kwa hiyo nilienda mjini nikitafuta ukubwa kwanza, kisha picha isiyofifia ukiitazama kutoka pembeni. 4K niliiweka mwisho. Mwishowe nilinunua 4K, kwa sababu katika maduka niliyoingia sikupata inchi 50 ya Full HD iliyonipendeza, lakini sikuilipia jina.

Luthuli, ile barabara ya maduka ya vifaa vya umeme katikati ya Nairobi, unaijua. Tangu 2019, barabara ilipofinywa na njia ya waendao kwa miguu ikapanuliwa, unaweza kusimama mbele ya duka ukatazama bila kusukumwa na matatu. Ndani ni eksibisheni: vibanda vyembamba, runinga kuanzia sakafuni hadi dari, zote zimewashwa, zote zinaonyesha video ileile ya asali ikimiminika, kasuku mwekundu na samaki wa rangi. Video hizo zimetengenezwa ili runinga yoyote ipendeze. Rangi ni kali, mwanga ni mwingi, hakuna uso wa mtu wala chumba chenye giza, na runinga yenyewe imewekwa kwenye hali ya duka, ambayo hupandisha mwanga hadi mwisho. Ukichagua kwa kutazama kasuku, umechagua kasuku.

Mimi nilibeba flashi yangu. Niliweka vitu vitatu. Cha kwanza, video ya dakika mbili niliyoirekodi kwa simu katika ubora wa 4K, sebuleni kwangu usiku, taa moja tu ikiwaka na mama ameketi. Cha pili, kipande cha mpira nilichokirekodi uwanjani, majani ya kijani yamejaa skrini nzima na mpira unasafiri juu yake. Cha tatu, picha tupu ya rangi ya kijivu. (Kama flashi yako ni ya mfumo wa FAT32, faili moja isizidi GB 4, la sivyo haitaingia.)

Duka la kwanza lilikataa. Muuzaji aliniambia, "Boss, flashi yako inaweza kuwa na virusi." Nikamshukuru nikatoka. La pili, kijana alinipa rimoti mwenyewe: "Weka tu, boss wangu, uone."

Alinionyesha inchi 55 kwa shilingi 42,000, na nakiri moyo ulinidunda. Kwa kasuku ilikuwa inang'aa kama dirisha. Nikaweka video ya sebule. Pembe mbili za chini zikatoa weupe, kama mtu ameshika tochi nyuma ya pazia. Nikaweka ile picha ya kijivu: mistari mipana yenye weusi kidogo ikatokea wima, minne, kutoka juu hadi chini. Nikaweka mpira, na kila mpira ulipovuka mstari majani yalibadilika rangi. Kisha nikafanya jambo ambalo namwomba kila mnunuzi alifanye. Nilisogea pembeni mpaka mahali ambapo kiti cha mama kingekuwa, nikachutama hadi kimo cha mtu aliyeketi, nikatazama. Uso wa mama kwenye video ulipauka ukawa kama umepakwa majivu.

Sababu yake ni hii. Runinga nyingi za bei yetu zina paneli za LCD za aina mbili, VA na IPS. VA hutoa weusi mzito. Tofauti kati ya sehemu nyeupe na nyeusi mara nyingi hufika 3,000 kwa 1 na zaidi, lakini ukitoka katikati rangi zinafifia. IPS weusi wake ni hafifu, karibu 1,000 kwa 1, gizani huonekana kijivu, ila rangi zinashikilia hata ukiwa pembeni. Mtu anayetazama filamu peke yake usiku, kochi likiwa mbele kabisa, achukue VA bila kusita. Nyumba ambayo watu huketi kuzunguka kuta tatu inahitaji IPS. Boksi halitakuambia ni ipi, na wauzaji niliowauliza hawakujua. Kusogea pembeni kunakuambia kwa sekunde kumi.

Niliipata siku ya pili, katika duka la nne. Inchi 50, 4K, bei ya kuanzia 43,000. Kutoka pembeni uso wa mama ulibaki na rangi yake ya kahawia. Kijivu kilikuwa safi isipokuwa kivuli kidogo upande wa kulia. Tukaongea hadi 39,500. Jina la kampuni naliacha, kwa sababu kampuni hubadilisha modeli mara kwa mara, na modeli mbili zenye jina moja na ukubwa tofauti zinaweza kuwa na paneli tofauti kabisa. Hata modeli moja, kontena hili na lile, paneli inaweza kutofautiana. Kipime kile utakachokibeba.

Na hilo karibu linikute palepale. Boksi liliposhushwa kutoka stoo nililinganisha namba ya modeli na ile iliyobandikwa nyuma ya runinga ya ukutani. Herufi ya mwisho ilikuwa tofauti. Muuzaji akasema ni kitu kilekile, herufi ni ya nchi inayopelekwa. Nikaomba lifunguliwe, tukaiwasha, nikasogea pembeni: majivu tena. Sikugombana. Nilimwambia nitalipa ya modeli niliyoipima au niende. Dakika arobaini baadaye walileta boksi lenye namba sahihi, nikalipima pia, ndipo nikalipa kwa M-Pesa. Risiti iliandikwa namba ya modeli na namba ya serial, kwa sababu waranti ya mwaka mmoja bila serial ni karatasi tu. Uliza pia waranti inahusu nini: skrini iliyopasuka ikishatoka dukani hakuna anayekulipa, ndiyo maana ni lazima iwashwe mbele yako kabla ya pesa kutoka.

Usafiri ulinigharimu 700 kwa gari la Probox hadi Umoja. Boksi lilisafiri limesimama wima, nikilishika. Usikubali runinga kubwa ilazwe, kioo chake ni chembamba na tuta moja barabarani linatosha.

Nyumbani nikakutana na jambo ambalo sikulipima. Miguu ya runinga hii iko kwenye ncha, sentimita 98 kutoka mmoja hadi mwingine, na kabati langu lina sentimita 90. Ikabidi ifungwe ukutani. Keyateka, msimamizi wa jengo, alimuuliza mwenye nyumba, akakubali mradi nizibe matundu nikihama. Bracket, yaani chuma cha kuishikilia ukutani, ilikuwa 1,200, fundi 800. Fundi alitaka kuipandisha karibu na dari kama ilivyo hotelini, nikamkatalia. Macho ya mtu aliyeketi yako karibu mita moja kutoka sakafuni, na mama shingo yake si ya kuinuliwa saa nzima. Katikati ya skrini iko mita 1.1.

Stima ya mtaa wetu hukatika na kurudi kwa kishindo, kwa hiyo 1,800 zilienda kwa tivii gadi. Umeme ukirudi, hiyo husubiri kwanza utulie kabla ya kuupitisha. Jumla ikawa 44,000. Kwa matumizi, lebo ya nyuma inasema wati 110, hivyo saa tisa za kutazama zinakula karibu yuniti moja ya tokeni, na nikishusha mwanga zinakula pungufu.

Sasa, picha ya kila siku. Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa 2015 tunatumia mfumo wa dijitali wa DVB-T2, na runinga hii ina kipokezi chake ndani, kwa hiyo chaneli za bure nazipata kwa antena bila king'amuzi. Jioni ya kwanza nilihuzunika. Habari zilikuwa na ukungu, sura za watangazaji zina kingo nyeupe. Chaneli ya ubora wa kawaida hurushwa kwa mistari 576, na hapa inatandazwa juu ya mistari 2,160. Runinga inabuni iliyobaki. Kwenye inchi 24 hukuona hayo. Nilichofanya: nikaitoa kwenye hali ya duka, nikachagua hali ya filamu, nikashusha ukali wa kingo hadi karibu na sifuri, nikazima ile huduma ya kulainisha mwendo inayofanya kila kitu kionekane kama kimerekodiwa harusini. Ukungu haukwisha, lakini zile kingo nyeupe ziliondoka na nyuso zikarudi kuwa za watu.

Kwa intaneti, Netflix hushauri kasi ya Mbps 15 kwa 4K na Mbps 5 kwa Full HD. Waifai yangu ni ya Mbps 10, basi natazama Full HD na kutoka kochini sioni nilichokosa. Wewe unayetumia bando la simu angalia sana hapa: 4K inaweza kumaliza GB 7 kwa saa moja. Nenda kwenye mipangilio uifunge isipande kupita HD.

Kasoro ninazo. Usiku taa zikizimwa, weusi ni kijivu, jinsi nilivyotarajia kwa IPS. Programu zake ni nzito, YouTube huchukua karibu sekunde ishirini kufunguka runinga ikitoka kuzimwa. Kubwa zaidi ni sauti. Spika mbili za wati 10 zinatazama chini, na zikiwa ukutani sauti inapiga kabati kabla ya kumfikia mtu. Muziki unasikika vizuri, lakini mtangazaji anayeongea haraka humezwa.

Mama sasa huketi kwenye kiti chake cha dirishani, stuli imerudi jikoni. Jumanne iliyopita nilikuwa napika, nikamsikia akisoma kwa sauti maandishi yanayopita chini ya habari, neno kwa neno, bei ya mafuta ya taa kwanza. Alipomaliza akaniita: "Mwanangu, maneno nayaona. Sasa niongezee sauti, huyu anasema nini?" Nikaweka hali ya mazungumzo, ikasaidia kidogo. Zile shilingi 1,000 zilizobaki nimeziweka kando, ndizo mwanzo wa spika ya nje.