Taa ya upepo wa tairi inawaka: ubadili risiva ya gari au ufunge vihisi vya nje?

Risiva ndiyo hupokea kwa redio vipimo vya upepo kutoka kwa vihisi vilivyomo ndani ya matairi. Kwanza tazama taa yenyewe. Ikiwaka moja kwa moja, jaza upepo. Ikipepesa kama dakika moja ukiwasha gari kisha ikabaki imewaka, mfumo una hitilafu. Hapo mwambie fundi umeme achomeke mashine ya kusoma hitilafu: tairi moja tu isiposomeka, mara nyingi ni betri ya kihisi iliyomo ndani ya rimu, zote nne zikipotea kwa mpigo, shuku fyuzi, waya au risiva.

Risiva ya mtumba ina mtego. Gari lililotoka Uingereza huwa linatumia masafa ya redio ya 433 MHz, la Japani 315 MHz. Masafa yakipishana, risiva itaingia vizuri kwenye soketi yake na haitasikia chochote. Yakilingana, bado namba za vihisi vyako lazima zisajiliwe upya, kwa hiyo fundi asiye na mashine ya kufanya hivyo asiguse.

Vihisi vya nje unavifunga mwenyewe kwenye vali, na skrini yake ya sola unaibandika dashibodi. Taa ya gari haitazimika, lakini utaona upepo wa kila tairi. Ukiegesha Kirumba sokoni, Mwanza, hesabu uwezekano wa kuibiwa. Tena vipake maji ya sabuni baada ya kufunga. Pete ya mpira ikikaa vibaya, kihisi chenyewe kinavujisha.

Kwa anayepeleka gari Geita kila wiki na vihisi vya ndani bado vizima, mimi ningelipia risiva. Kwa gari kuukuu la mizunguko ya Buzuruga, mjini Mwanza, vya nje vinatosha kabisa.