Darasa la kutafuta kazi lilivyotaka kuninyima kazi
Ofisi yetu ya posho nawapa nyota moja, na hiyo moja ni ya mkalimani wa simu.

Mliotoka Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, kama mimi mnajua: ukifika huku Marekani na watoto, bila mume, unaandikishwa TANF, posho ya serikali kwa familia maskini zenye watoto. Hela ni kidogo, na si ya bure. Kila wiki uonyeshe saa 30 za shughuli, au 20 kama una mtoto chini ya miaka 6. Wangu ana minne, kwa hiyo 20. Hapo sina ugomvi, sikuja huku kukaa.

Saa zangu wakazipeleka kwenye darasa la kujiandaa na kazi. Tunafundishwa kumpa mwajiri mkono, kumtazama machoni, kuandika wasifu kwenye kompyuta. Mimi niliyeuza maandazi kambini, mwalimu akaniandikia "huduma kwa wateja". Nikacheka tu.

Kazi nilijitafutia mwenyewe, kupitia dada wa kanisani. Kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali. Supavaiza hakuuliza wasifu. Alinipa shuka nikunje na mwenzangu, akatazama mikono yetu, akasema njoo Alhamisi saa kumi na moja alfajiri, siku ya maelekezo, inalipwa. Karatasi akaitia sahihi.

Nikaipeleka ofisini nikijua nitapigiwa makofi. Kesiwaka wangu, yaani ofisa anayeshughulikia faili langu, hata hakuiokota. Aliisukuma kando kwa ncha ya kalamu, akaongea na simu iliyo mezani. Kisha sauti ya Kikenya, mkalimani: "Mama, anasema Alhamisi ni siku ya darasa. Usipofika, posho inakatwa." Darasa gani? "La kutafuta kazi." Nikasema mwambie kazi imeshapatikana, hiyo hapo mbele yake. Akatafsiri. Kimya. "Mama, pole. Amesema hivyohivyo, si mimi."

Nilienda kazini. Posho ikakatwa.

Baadaye mtu anayeijua ile sheria ya TANF aliyosaini Rais Clinton 1996 (mwaka uleule Nyarugusu ilipofunguliwa, mimi nikiwa mgongoni kwa mama) alinieleza: jimbo linapimwa kwa asilimia ya familia zilizotimiza saa, lengo ni nusu ya familia hizo. Ndiyo maana ofisi inalinda saa kama mlinzi wa stoo. Na sikiliza kichekesho: saa za kazi ya mshahara nazo zinahesabiwa! Wangeniacha niende, hesabu yao ingetimia.

Nilimuuliza supavaiza kwa nini hachukui watu kutoka ile ofisi. Akasema walimfuata na habari za kupunguziwa kodi akiajiri watu wao, wakati ule hadi dola 2,400 kwa mtu wa kawaida. Kodi ni ya wahasibu, akasema. Shida yake yeye ni mikokoteni ya mashuka inayongoja alfajiri, na basi la kwanza linapita saa kumi na moja na dakika arobaini. Watu wazuri wanaacha kazi wiki ya pili kwa ajili ya basi, si kwa kutojua kutazama mtu machoni. Hilo hakuna aliyemuuliza.

Haya, niseme kweli, Mungu ananiona. Kuna baba mmoja ofisini humohumo. Aliposikia kisa changu alikuja kiwandani, akasimama kwenye joto la mashine akiuliza maswali na kuandika kiganjani. Kabla theluji haijaisha tukawa na kigari cha kutuchukua saa kumi na robo. Darasa likahamia mchana, wakaanza kufundisha rangi za vibandiko na maneno ya hatari: moto, kemikali, simama. Wenzangu wanne wamepata kazi hivyo na bado wapo. Huyo baba nyota nne. Tano, basi.

Lakini juzi nimepita pale kupeleka fomu. Ukutani kuna picha yangu, nimevaa kofia ya nywele ya kiwandani, chini wameandika "Mhitimu wetu". Mhitimu wa wapi? Nilifutwa kwa utoro. Barua ya utoro ninayo, nimeibandika kwenye friji.