Kuwauliza nisiowajua mtandaoni: uzoefu wangu, Lubumbashi

Naanza na hukumu, maana najua wengi wenu mnasoma kwa mega za intaneti za kuhesabu. Huduma hii ni ya bure, inafanya kazi, na kwa mambo ya nyumbani imenisaidia kuliko redio zote za mji. Tatizo lake ni kwamba wengi wanaojibu hawajibu swali lako. Wanajibu swali la nyumbani kwao.

Ninachosemea ni hii tabia tuliyokwisha kuizoea: kitu kimeharibika, au hujui bei, au mlango unaliwa na mchwa, unashika simu unaandika "Ba yaya na ba ndugu, munisaidie" (yaya kwetu ni kaka au dada mkubwa), kisha unangoja watu ambao hujawahi kuwaona kwa macho. Mimi natumia njia tatu. Kuna makundi ya Facebook ya wakaaji wa Lubumbashi, ambako mtu wa Katuba na mtu wa Ruashi wanabishana bila kulipa nauli. Kuna makundi ya WhatsApp, ambayo watu huyaita madogo, ingawa tangu 2022 kundi moja linaruhusiwa kufika watu 1,024. Halafu kuna zile tovuti kubwa za dunia, Quora na Reddit, ambako naandika kwa Kifaransa au kwa Kiingereza cha kubahatisha. Zamani ilikuwepo pia Yahoo! Answers. Ilizaliwa 2005, ikafungwa Mei 2021, na sijaona aliyeililia isipokuwa wanafunzi waliokuwa wakinakili kazi za shule humo.

Ili mwone tofauti ya njia hizi, chukueni noti ya dola iliyochanika. Kila mtu wa hapa anaijua adha yake. Noti ya ishirini ina mpasuko pembeni, mdogo hata ukucha haupiti, na muuzaji anaiinua kwenye mwanga, anaigeuza, anakurudishia bila neno. Nililiweka swali hilo kwenye tovuti ya dunia. Wa kwanza kujibu alikuwa Mmarekani, mpole kweli, na aliandika kirefu: noti ni halali hata ikichanika, Marekani haijazifuta noti zake za zamani, na kama imebaki zaidi ya nusu ya noti, iko ofisi ya serikali kule Washington inayoweza kuipokea na kukulipa thamani yake yote. Kila alichosema ni kweli. Haya, nenda ukamsomee mama wa unga pale soko la Kenya (Kenya komini yetu, si nchi).

Kwenye kundi la mji majibu yalikuwa mafupi, na Washington haikutajwa. "Usiweke skochi, yaya. Ukiweka skochi, njo imekufa kabisa." "Peleka kwa kambiste, atakukata kidogo." (Skochi ni mkanda wa gundi, kambiste ni mbadilisha fedha.) Mwingine akanishauri niitunze nije kumlipa nayo mtu mwenye haraka, huyo tumwachie Mungu. Lakini alikuwepo mmoja, nadhani mwenyewe ni kambiste, ambaye hakutoa ushauri wowote kwanza. Aliuliza: mpasuko uko upande gani, umegusa uso wa mzee au haujagusa, na noti ni ya kichwa kikubwa au kile kidogo cha zamani? Nikamweleza. Akanitajia ningekatwa kiasi gani, na ndicho nilichokatwa barabarani.

Kuanzia hapo kipimo changu kimekuwa hicho hicho. Anayeniuliza kabla ya kunijibu, huyo namsikiliza. Wengine wanakuja na jibu walilokwisha kulibeba mfukoni, na swali lako ni nafasi tu ya kulitoa.

Sasa frigo, yaani jokofu, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike haya. Umeme wa mtaani kwetu mnaujua: unakatika, unarudi, wakati mwingine unarudi na hasira, wakati mwingine unarudi umedhoofu hadi ampule (balbu) inabaki uzi mwekundu tu. Frigo yangu ikaanza tabia mpya. Inaguruma kidogo, inapiga "tak", inanyamaza. Baada ya muda inaguruma tena, "tak", kimya. Niliandika hivyo hivyo kwenye kundi la Facebook, kisha nikarekodi sauti kwa simu nikaiweka.

Majibu yalimiminika. Gazi imekwisha. Kompresa imekufa. Kompresa imekufa na mimi ninauza, piga namba hii. Tupa, nunua mpya, hizo za siku hizi hazidumu. Mwingine alituma mikono miwili ya kuomba, bila maneno. Halafu akaja mmoja, picha yake ni gari ambalo naamini si lake, akaandika: "Yaya, ile 'tak' inakuya kisha segonde ngapi? Na ile saa frigo inaguruma, ampule ya ndani inapunguka ao inabakia vile?"

Nikaenda jikoni, nikafungua mlango wa frigo, nikasimama pale na simu mkononi kama mganga anayesubiri dalili. Ikaguruma. Ampule ya ndani ikafifia, karibu izime. "Tak." Ikawaka vizuri tena. Nikamwandikia nilichokiona. Akasema: chomoa kwanza, usimwite fundi wa frigo, tafuta mtu mwenye kifaa cha kupimia apime umeme ukutani. Kijana wa jirani anacho. Badala ya volti 220 tukakuta 160 na kidogo, tena jioni, saa ambayo mtaa mzima unapika.

Ndipo akanifafanulia, na sijapata kusikia fundi yeyote aliyenieleza vizuri namna hiyo. Kompresa inahitaji nguvu kubwa pale inapoanza kuzunguka. Umeme ukiwa mdogo inashindwa kuanza, inabaki inanguruma mahali pamoja na kupata moto. Kandoni mwake kuna kifaa kidogo cha ulinzi kinachoikata isiungue; hiyo ndiyo "tak". Kikipoa kinairuhusu ijaribu tena. Ikijaribu hivyo wiki baada ya wiki, siku moja kifaa kile hakitawahi, na hapo kweli utanunua kompresa. Gazi haikuwa na kosa lolote. Na akaongeza: hata umeme ukirudi mzuri, usiichomeke palepale. Ngoja kama dakika tano, maana gazi iliyobanwa ndani inataka kutulia kwanza, la sivyo kompresa inaanza ikisukuma mzigo.

Nilinunua stabilizateri, kifaa cha kusawazisha umeme, ile inayochelewesha yenyewe dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme kupita. Si bei ya mchezo, lakini iko mbali sana na bei ya frigo. Inafanya kazi mpaka leo.

Chini ya majibu yale mama mmoja alitia neno ambalo hata sikuuliza. Umeme ukikatika, usifungue-fungue. Kongelateri (friza) iliyojaa inatunza baridi hadi saa 48 ikiwa imefungwa, iliyojaa nusu ni 24, na frigo ya kawaida ni saa nne tu hivi. Kwa hiyo kama huna nyama ya kuijaza, jaza chupa za maji. Baadaye nikazikuta namba hizo hizo kwenye maelekezo ya Wamarekani ya usalama wa chakula, kwa hiyo huyu mama ama alisoma ama ameishi na frigo kwa akili. Kongelateri yangu sasa ina chupa nyingi kuliko samaki.

Upande mbaya upo, na ni mbaya kweli. Mtu aliuliza namna ya kuondoa utelezi wa kijani na harufu ndani ya bidoni ya maji. Jibu lililopendwa kuliko yote, lililokaa juu kabisa, lilisema changanya javeli (dawa ya maji ya kung'arisha nguo) na siki, tikisa, funga, acha usiku kucha. Jamani. Javeli ikikutana na siki, au na kitu chochote chenye asidi, inatoa klorini. Ni gesi ile ile ambayo Wajerumani waliwamwagia maadui zao kule Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Kwenye bidoni haitakuwa vita, lakini aliyeinama kuifungua asubuhi, au mtoto aliyelala chumba hicho, atakohoa na kulia, na mwenye pumu anaweza kufika hospitali. Onyo lilikuwepo, limeandikwa na mtu anayeongea kama muuguzi, ila lilikuwa chini kabisa, limekuja limechelewa, halina hata kidole gumba kimoja. Watu walikuwa wamekwisha kumshukuru wa kwanza na kuondoka. Kwa hiyo kila panapotajwa dawa, javeli, gazi au nyaya, mimi nashuka mpaka mwisho. Kinachopendwa ni kile kinachosomeka haraka.

Na swali lolote la kiasi cha javeli kwa maji ya kunywa mlipe adabu yake. Mtu wa nchi nyingine akikuhesabia matone, anahesabu kwa javeli ya kwao. Nguvu zinatofautiana chupa kwa chupa, zile zinazouzwa zimemiminwa kwenye chupa za soda hazina hata karatasi ya kuonyesha asilimia. Wa kumwamini, tena, ni yule anayeanza kwa kukuuliza chupa yako imeandikwa nini.

Kuna pia wale wa "njoo inbox". Ukiuliza fundi, ndani ya dakika chache wanakuingilia faraghani na wanataka malipo ya kwanza kwa simu ili "watoke na vifaa". Sijatuma, na sishauri. Kitu kingine kinachonikera ni picha za kadi ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho: mtu ameipoteza au imechanika, anauliza aifanyeje, basi anaiweka yote, jina, namba na uso, mbele ya watu elfu kadhaa. Uliza bila picha. Watakuelewa.

Kuhusu lugha, nimeona jambo. Swali lile lile nikiliandika kwa Kifaransa, wanakuja watu wa kunisahihisha na kunieleza kanuni. Nikiliandika kwa Kiswahili chetu, wanakuja waliokwisha kulifanya kwa mikono yao, wanaandika vibaya na wanajua. Kwa mambo ya karatasi za ofisi naandika Kifaransa. Kwa jiko, paa na frigo, Kiswahili.

Tovuti za dunia sizitupi, lakini. Zinafaa pale ambapo kitu chenyewe ni kile kile kila mahali. Wengi wetu tuna birika au pasi iliyoingia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yenye plagi ya Wazambia ya miguu mitatu ya bapa, ile ya Kiingereza, isiyoingia kwenye ukuta wetu. Kundini waliniambia kata, funga plagi yetu, basi. Huko Reddit mtu mmoja akauliza kifaa kina wati ngapi, kisha akanionyesha kitu ambacho sikuwa nakijua: ndani ya plagi ile ya Kiingereza kuna fyuzi, na ukiikata plagi umeitupa na fyuzi. Umeme wa pande zote mbili hauna tofauti ya maana, ni miguu tu. Nilinunua adapta nzito, nikaiacha plagi ilivyo.

Na kama umeuliza na hakuna anayejibu? Kuna mbinu, wenye mtandao wanaiita sheria ya Cunningham, kwa jina la Ward Cunningham aliyetengeneza mwaka 1995 tovuti ya kwanza ya aina ya "wiki", ile ambayo wasomaji wenyewe wanaihariri: usiulize, andika jibu la uongo, watu watakuja mbio kukusahihisha. Nimeiona ikifanya kazi hapa kwetu. Mtu aliuliza bei ya mfuko wa unga kutoka Zambia, kimya cha kaburi. Mwingine akaja akatamka bei ya zamani kwa kujiamini, na kabla chai haijapoa mji mzima ulikuwa umeamka kumwambia anaishi wapi huyo, na bei za masoko matatu zikawa mezani.

Gharama yenyewe ni mega. Maandishi hayali kitu. Wanaokula ni wale wanaojibu kwa video ya dakika nane ambayo sita za kwanza ni salamu. Wanaojibu kwa sauti nawasamehe, wengi ni wazee na wana mambo ya kweli. Uliza jioni watu wakiwa wamekula, weka picha moja iliyo wazi, taja mtaa wako bila namba ya nyumba, na sema ulichokwisha kujaribu, usije ukaambiwa mara kumi uzime na kuwasha.

Alama: kundi la mji, nne kwa tano. Tovuti za dunia, tatu. WhatsApp, mbili na nusu, kwa sababu jibu zuri la jana linazikwa na matangazo ya harusi ya leo na hulipati tena.

Wiki hii nina swali la mchwa. Si ajabu kwa mji uliozungukwa na vichuguu virefu kuliko nyumba, ambavyo tunafyatulia matofali. Wamekula fremu ya mlango wa nyuma. Nimeambiwa mafuta ya vidanje (yale machafu ya injini), nimeambiwa chumvi, nimeambiwa petroli (hapana, asanteni), nimeambiwa nimtafute malkia. Hakuna bado aliyeniuliza fremu ni mti gani wala wanapanda kutokea wapi. Anayejua, niko kwenye kundi lile lile, aniulize.