Uzoefu wangu wa Linux Mint: mashine inapogoma kuwaka baada ya kupiga mfumo mpya

Nina steshenari Nyegezi, Mwanza, upande wa barabara ya kwenda Malimbe, na wateja wangu wakubwa ni wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT. Tangu Microsoft wasitishe msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, swali linaloongoza hapa kaunta ni hili: "Dada, laptopu yangu imekataa Windows 11, nifanyeje?" Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na bodi mama yenye UEFI (programu ya kisasa ya bodi inayowasha mashine), na kwa prosesa za Intel orodha inaanzia kizazi cha 8, ukiacha chache. Laptopu za mtumba ninazoletewa nyingi ni za kizazi cha 4 mpaka cha 6. Ni mashine nzima, kioo safi, kibodi nzuri, na mwenyewe hana pesa ya kununua nyingine.

Mashine zangu za kazi nimezihamishia Linux Mint 22, mfumo endeshi unaochukua nafasi ya Windows, toleo lake jepesi la Xfce, na wanaotaka nawapigia pia. Nimeridhika nayo kabisa. Ni ya bure. Kwa maelezo ya walioitengeneza, inatosheka na ram ya GB 2, ingawa wanashauri GB 4, na nafasi ya diski kuanzia GB 20. Toleo la 22 litaendelea kupata masasisho hadi 2029. Kwenye laptopu ya GB 4 ninafungua kivinjari, ripoti ya mwanafunzi na PDF ya kuchapa kwa pamoja, na haigandi. Ninachotaka kukieleza kwa urefu ni kuwaka kwake, maana hapo ndipo watu wanapokata tamaa na kurudi walikotoka, wakati mara nyingi Mint haina kosa lolote. Kosa liko kwenye makabidhiano kati ya bodi na diski, na pale mashine ilipogomea ndipo panapokuonyesha cha kurekebisha.

Mint inasakinishwa kutoka kwenye flashi. Ikiwa flashi haionekani kabisa kwenye menyu ya kubuti, yaani orodha ya kuchagua mashine iwakie wapi, ambayo kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F12 na kwenye HP nyingi ni F9, anza na flashi yenyewe. Faili la Mint unalopakua lina karibu GB 3. Bando likikata katikati, faili linaweza kukaa kwenye folda likionekana zima kumbe ni bovu. Tovuti ya Mint inatoa namba ya SHA256 ya kila faili, inayobadilika faili likiharibika. Kwenye Windows unaandika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, halafu unalinganisha. Naisisitiza hatua hii kuliko zote za mwanzo, kwa sababu faili bovu linaweza kuwaka vizuri kabisa kisha likafia katikati ya usakinishaji, na hapo utaanza kushuku diski, ram, mpaka chaji. Tena kuliburuta faili na kuliweka kwenye flashi hakutoshi. Linaandikwa kwa programu kama Rufus, ukichagua mpangilio wa GPT kwa bodi ya UEFI na wa MBR kwa bodi za zamani.

Flashi ikionekana lakini ikakataliwa, soma ujumbe kabla haujapotea. Mint ina saini inayokubalika na Secure Boot, ulinzi wa bodi unaoruhusu mifumo yenye saini tu, kwa hiyo kwa kawaida inapita. Ila sasisho la Windows la Agosti 2024 lilifungia baadhi ya vipakizi (programu za kuwashia mfumo) vya zamani vya Linux, na mashine iliyopata sasisho hilo inaweza kuikataa flashi ya toleo la nyuma kwa ujumbe unaotaja SBAT. Ukiuona, diski yako ni salama. Chukua faili jipya la Mint, au ingia bayosi (mipangilio ya bodi) uzime Secure Boot.

Skrini ikiwa nyeusi baada ya menyu ya Mint, mara nyingi ni kadi ya picha. Kwenye menyu hiyo bonyeza herufi e, tafuta mstari unaoanza na linux, ongeza neno nomodeset baada ya quiet splash, kisha F10. Ukishasakinisha, fungua kidhibiti cha draiva uweke draiva sahihi, hasa kwa Nvidia. Hili halijawahi kunisumbua zaidi ya hapo.

Sasa tuje kwenye kizungumkuti chenyewe: usakinishaji umekwisha salama, umetoa flashi, umewasha, na mashine inasema haioni kifaa cha kubuti. Au inapitiliza moja kwa moja kwenye Windows kana kwamba Mint haijawahi kuwekwa.

Hapa kuna mambo mawili tofauti na watu wanayachanganya. La kwanza ni kwamba laptopu nyingi za vizazi nilivyovitaja zinaweza kubuti kwa njia mbili, ya zamani na ya UEFI, na flashi ileile huonekana mara mbili kwenye menyu: mara moja ikiwa na neno UEFI mbele ya jina, mara nyingine bila. Ukiingilia ile isiyo na neno hilo, Mint itasakinishwa kwa njia ya zamani kwenye mashine inayotafuta UEFI, na hazitakutana. Kuna kipimo cha sekunde chache ambacho natamani kila fundi akifanye kabla ya kubonyeza kitufe cha kusakinisha. Ukiwa bado kwenye flashi, fungua terminali uandike ls /sys/firmware/efi. Ikileta majina ya faili, uko UEFI. Ikisema hakuna folda kama hiyo, zima, rudi kwenye menyu, chagua ule mstari mwingine.

La pili limejificha zaidi. Bodi ya UEFI inaweka orodha ya mifumo kwenye kumbukumbu yake yenyewe, nje ya diski. Mint ikimaliza kujisakinisha inajiandikisha humo kwa jina ubuntu, kwa kuwa imejengwa juu ya Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux, kwa hiyo usishtuke ukikosa neno Mint kwenye orodha. Shida ni kwamba zipo bodi zinazopuuza orodha hiyo na kutafuta faili la Windows tu, au zinazofuta mstari mpya kila zikizimwa. Mfumo upo na diski ni nzima, ila bodi haijui pa kugonga hodi.

Kuna mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliniletea laptopu ya namna hii akiwa amekonda kwa mawazo. Fundi mmoja mjini alikuwa amemwambia diski imekufa, anunue SSD, na ripoti yake ya utafiti ilikuwa humo ndani. Niliingia kwa flashi ya Mint. Diski ikaonekana na patisheni (sehemu) zake zote, na kwenye programu ya diski vipimo vya afya vilikuwa vizuri. Kwanza tukaihamishia ripoti kwenye flashi nyingine. Kisha nikaandika sudo efibootmgr, amri inayoonyesha orodha ile ya bodi, na orodha ikaja bila mstari wa ubuntu. Kwenye flashi ya Mint kuna programu inaitwa Boot Repair. Nikaiacha ifanye kazi yake, mstari ukarudi, na baada ya kuwasha upya ukapotea tena. Kilichomaliza ubishi ni sehemu ndani ya bayosi inayokuruhusu kuandika njia ya faili mwenyewe. Tuliandika \EFI\ubuntu\shimx64.efi, njia ya faili linalowasha Mint, tukaipandisha juu ya orodha, na ikawaka. Kumwambia mtu anunue diski kabla ya kuiangalia diski yenyewe ni kumwibia, hata kama fundi hakukusudia.

Kwa kompyuta za mezani ongeza uchunguzi mmoja: ile betri ya duara ya CR2032 kwenye bodi, ya volti 3. Ikiisha, saa inarudi miaka ya nyuma na mipangilio ya bayosi inasahaulika kila umeme ukikatika, ikiwemo ile ya UEFI uliyoihangaikia. Ni betri ya bei ndogo sana, na inapatikana hata kwa mafundi saa.

Wanaotaka kubaki na Windows pembeni ya Mint, zingatieni BitLocker, kufuli la Windows linaloficha mafaili ya diski, kabla ya kugusa chochote kwenye bayosi. Ikiwa imewashwa, kubadilisha Secure Boot kunaweza kuifanya Windows idai ufunguo wa tarakimu 48, na bila huo mafaili hayafunguki. Uhifadhini kwanza mahali pengine. Zimeni pia Fast Startup ndani ya Windows, ile inayoifanya izime nusu ili iwake haraka, la sivyo patisheni yake inabaki kama imelala na Mint itaisoma bila kuweza kuandika. Binafsi, mwenye diski moja ndogo namshauri achague mfumo mmoja.

Mkishakuwa na yote mawili, saa itaanza kupishana kwa saa tatu, kwani Mint inaiweka saa ya bodi kwa UTC, saa ya kimataifa, na Windows inaisoma kama saa ya hapa. Andika timedatectl set-local-rtc 1 kwenye Mint, imekwisha. Kwa mwanafunzi anayewahi dirisha la maombi ya mkopo lisifungwe, saa tatu ni nyingi.

Upungufu upo. Kadi za harusi na vipeperushi vilivyotengenezwa kwa Publisher ya Microsoft hufunguka kwenye LibreOffice, programu ya ofisi ya Mint, mpangilio ukiwa umehama, na mteja hana muda wa kunisubiri nipange upya. Kwa kazi hizo nimebakiza mashine moja yenye Windows, bila intaneti, na ninawaomba wateja waniletee PDF. Printa yangu Mint iliitambua yenyewe nilipochomeka waya. Wenye mashine zilizokataa Windows 11, njooni na flashi ya GB 8 na nakala ya mafaili yenu, na msizifomati kabla sijaziona.